Mchi, Maji ya Moto na Jiki: Sheria Inasemaje Ukijitetea kwa Vitu vya Nyumbani

Saa nane usiku mlango wa uani unatikiswa, komeo linalegea. Ndani hamna bunduki wala mbwa. Kuna mchi wa kinu nyuma ya mlango wa jikoni, panga la kufyekea chini ya kitanda, chupa ya jiki bafuni na kopo la dawa ya mbu dirishani. Mkono utashika kilicho karibu. Asubuhi, kituoni, litakuja swali: ulikuwa na haki ya kukitumia?

Mitaani yanazunguka majibu mawili, na yote mawili yamewaponza watu. Moja linasema mwizi akishaingia kwako mfanye utakavyo. Jingine linasema ukimgusa tu, utafungwa wewe. Sheria za Tanzania na Kenya hazisemi hivyo. Hazina hata orodha ya vitu vya nyumbani vinavyoruhusiwa na vilivyokatazwa kwa kujitetea. Zinapima hatari iliyokuwa mbele yako, nguvu uliyoitumia kuikabili, na wakati ulioacha. Kitu chenyewe kinaingia mahakamani kama shahidi: kinaeleza ulikuwa umekusudia nini.

Tanzania Bara mambo haya yamo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vile vya 18A, 18B na 18C. Hizo ndizo namba zilizozoeleka mahakamani. Sheria zinaporekebishwa na kuchapishwa upya namba huweza kusogea, kwa hiyo shika maneno kuliko tarakimu. Cha 18A kinampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwingine, na kutetea mali, iwe yake au iliyo mikononi mwake, ya mwajiri, ya kijiji, ya ushirika au ya Serikali. Kwa hiyo mlinzi wa duka na dada wa kazi aliyebaki na watoto wamo ndani ya haki hiyo sawa na mwenye nyumba. Cha 18B kinaweka mpaka: nguvu iwe ya kiasi, inayohitajika kwa utetezi huo na si zaidi. Ukizidisha, unawajibika kwa kosa lililotokana na kuzidisha kwako. Na mtu akifa kwa nguvu iliyopita kiasi, kosa ni kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha.

Cha 18C ndicho wengi hawajawahi kukisikia, nacho ndicho muhimu kuliko vyote kwa mtu aliyevamiwa usiku. Kinakubali hata kifo au madhara makubwa, ikiwa aliyejitetea alitenda kwa nia njema, akiamini kwa dhati na kwa sababu za maana kwamba hakuna namna nyingine ya kuokoa maisha, kiungo au mali. Shambulio nalo liwe mojawapo ya haya: linalotia hofu ya kweli ya kifo au ya madhara makubwa, la kutaka kubaka, kunajisi au kulawiti, la kuteka au kutorosha mtu, au uvunjaji wa nyumba usiku, unyang'anyi, uchomaji moto na makosa mengine yanayohatarisha maisha au mali. Mwanamke aliyempiga mbakaji kwa mchi hana haja ya kuthibitisha kwamba angeuawa. Kubakwa kwenyewe kumetajwa.

Mtu wa Unguja au Pemba asome sheria ya kwao, Sheria ya Adhabu Na. 6 ya 2018, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya Bara haitumiki Zanzibar.

Kenya wamekwenda njia nyingine. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, ni sentensi moja tu inayosema kwamba wajibu wa mtu aliyetumia nguvu kujitetea au kutetea mali utaamuliwa kwa misingi ya sheria ya mapokeo ya Uingereza, yaani kanuni zilizojengwa na maamuzi ya majaji. Ndiyo maana mawakili wa Nairobi na Mombasa hutaja kila siku kesi ya Palmer, rufaa iliyotoka Jamaika na kuamuliwa na Baraza la Faragha jijini London, mahakama ya mwisho ya rufaa ya Jamaika, iliyomo katika ripoti za sheria za 1971. Kiini chake ni cha kibinadamu: mtu aliyevamiwa hawezi kupima kwa mizani kamili nguvu anayoihitaji, na akifanya kile ambacho kwa uaminifu na kwa silika ya dakika ile aliona kinahitajika, huo ni ushahidi mzito kwamba alitumia nguvu ya kiasi. Mahakama huanza na kile mshtakiwa alichoamini kwa dhati, hata kama alikosea, kisha huuliza kama nguvu ililingana na hatari aliyoiona. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilifafanua mkondo huo kwa kirefu mwaka 2014.

Nchi zote mbili zinakubaliana katika jambo moja ambalo mshtakiwa mara nyingi halijui. Ukishaonyesha kwamba suala la kujitetea lipo, huna mzigo wa kulithibitisha. Ni upande wa mashtaka unaotakiwa kulivunja, bila kuacha shaka ya maana.

Sasa turudi jikoni.

Kila kitu na ushahidi wake

Fimbo, mpini wa jembe, mwiko na mchi ndivyo vitu vyepesi kuvitetea mahakamani, kwa sababu vina kazi yake ya kila siku nyumbani na hakuna atakayeuliza kwa nini unavyo. Tatizo huanza na mahali pigo lilipotua. Pigo la mkononi au gotini linasimulia mtu aliyetaka mvamizi adondoshe alichoshika au ashindwe kusogea. Mchi wa mti mgumu ukishushwa kichwani hupasua fuvu, na baada ya hapo mazungumzo yanakuwa ya kifo. Mganga anayejaza fomu ya polisi ya majeruhi, PF3 Tanzania au P3 Kenya, huandika idadi ya majeraha, ukubwa wake na mahali yalipo. Jeraha moja la mbele ya bega linasema kitu kimoja. Majeraha sita, manne yakiwa mgongoni na kisogoni, yanasema kwamba mtu huyu alikuwa akikimbia au ameshaanguka, na haki ya kujitetea huisha pale hatari inapoisha. Panga linabeba hatari hiyo maradufu, kwa kuwa karibu kila pigo lake ni madhara makubwa.

Maji ya moto yanastahili kuangaliwa kwa makini, maana yanatumika sana na watu huyaona mepesi. Lita 2 za maji kwenye jiko la gesi huchukua kama dakika 8 hadi 12 kuchemka. Mwendesha mashtaka atauliza ulikuwa ukifanya nini dakika hizo zote. Ikiwa sufuria ilikuwa tayari jikoni ya ugali au ya kuoga mtoto, na mtu akakuvamia hapo hapo, maji yale ni kitu kilichokuwa karibu na mkono wako. Ikiwa mligombana, akatoka, ukaweka sufuria, ukangoja ichemke, kisha ukamfuata sebuleni, umeshatoka katika kujitetea na kuingia katika kisasi. Sufuria ni ileile na jeraha ni lile lile, ila dakika kumi zimebadilisha kosa. Mafuta ya kukaangia ni mabaya zaidi: hufika nyuzi 170 hadi 190 za Selsiasi, hung'ang'ania ngozi, na huchoma kwa kina. Ni vigumu sana kumshawishi jaji kwamba hiyo ilikuwa nguvu ya kiasi dhidi ya mtu aliyekuja kuiba redio.

Tindikali usiiweke hata katika mawazo. Kifungu cha 222 cha Tanzania na cha 231 cha Kenya vinataja waziwazi kumrushia mtu kimiminika kinachounguza kwa nia ya kumlemaza, kumharibu sura au kumdhuru vibaya, na adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Zanzibar iliona mashambulizi ya tindikali mwaka 2012 na 2013, dhidi ya viongozi wa dini na wageni, na uchungu wake haujasahaulika. Maji ya betri yaliyomiminwa katika chupa ya soda na kuwekwa nyuma ya mlango hayana kazi ya kupika, kufua wala kusafisha. Chupa hiyo peke yake inaeleza nia kabla hujafungua mdomo.

Jiki watu huidhani ni kitu cha katikati. Sivyo. Ikiingia jichoni inaunguza, na mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona, yaani madhara makubwa kisheria. Wakati huohuo haimzuii mvamizi papo hapo, kwa hiyo unabaki na mtu mwenye hasira zaidi na chupa tupu mkononi. Ikirushwa ndani ya chumba kidogo inarudi kwako na kwa watoto. Wako pia wanaoichanganya na dawa ya kusafishia choo wakidhani wanaiongezea makali. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayowadhuru kwanza walio ndani. Aliyepata jiki jichoni aoshwe jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukatiza, kisha apelekwe hospitali. Mpe huduma hiyo hata mvamizi aliyeshadhibitiwa: ni utu, na pia ni ushahidi kwamba ulitaka kuzuia, si kuangamiza.

Pilipili ya unga ina madhara ya muda, na kwa hiyo ni rahisi zaidi kuitetea, lakini kazi yake hailingani na sifa zake. Kinachowasha ndani ya pilipili hakiyeyuki vizuri katika maji, ndiyo maana chupa ya maji ya pilipili iliyokaa wiki mbili huwa na matope chini na maji dhaifu juu, na matope hayo huziba tundu la kupulizia. Unga mkavu nao hufuata upepo, na mkorogo wa hewa ya feni unatosha kukurudishia usoni. Dawa ya mbu ya kupuliza imeundwa kuvuruga neva za wadudu. Kwa binadamu huweza kuwasha macho na kukohoza, lakini si kitu cha kutegemea dhidi ya mtu aliyeshika kisu. Gesi inayoisukuma kutoka koponi mara nyingi hushika moto, kwa hiyo kuipuliza karibu na jiko la mkaa au kibatari ni kuhatarisha nyumba nzima. Petroli na mafuta ya taa, kwa sababu hiyohiyo na kubwa zaidi, havina nafasi.

Kitu ambacho watu hukisahau ni tochi yenye mwanga mkali. Filimbi nayo, na komeo la pili la chuma lililofungwa kwa boliti zinazopita ubao mzima badala ya skrubu fupi. Havimjeruhi mtu, kwa hiyo havikuletei kesi, na vinakupa dakika za kupiga 112 Tanzania, au 999 na 112 Kenya. Kuna tahadhari moja katika kupiga yowe. "Mwizi!" huita majirani, na majirani wakija na mawe jambo hutoka mikononi mwako. Kifungu cha 23 Tanzania na cha 21 Kenya vinawaunganisha wote walioshiriki kusudio moja la uhalifu, na mahakama haihangaiki kutafuta pigo la nani lilimaliza. Sauti yako iombe msaada. Mtu akishashikwa, simama kati yake na umati, mfunge mikono, ita mwenyekiti wa mtaa au chifu, ita polisi. Raia anaruhusiwa kumkamata mhalifu wa kosa kubwa, kwa sharti la kumkabidhi bila kuchelewa.

Ulichokitengeneza na ulichokitega

Rungu lililopigiliwa misumari, chupa iliyovunjwa mapema, kisu kilichofungwa kwenye mti mrefu: hapa umebadilisha kitu cha nyumbani kuwa silaha, na umefanya hivyo ukiwa umetulia. Bado unaweza kuwa na haki ya kujitetea usiku wa tukio, lakini hoja ya kwamba ulishika tu kilichokuwa karibu imekufa.

Mitego ni mibaya zaidi, kwa sababu haina macho. Sumu iliyotiwa katika pombe au chakula ili mwizi aile, au waya uliochomekwa kwenye umeme wa nyumba na kufungwa uzioni, haviwezi kutofautisha mwizi na mtoto anayefuata mpira. Wala havipimi nguvu, na sheria inadai nguvu ipimwe. Ni muhimu kuelewa tofauti na uzio halali wa umeme uliofungwa na fundi. Mashine yake hutoa mapigo mafupi mno, karibu moja kila sekunde. Mtu hushtuka na kupata nafasi ya kuachia. Waya wa volti 230 au 240 hautoi nafasi hiyo: misuli hukaza, kiganja hufumbata waya, moyo husimama. Uzio halali una mabango ya onyo yanayoonekana, sawa na vipande vya chupa juu ya ukuta vinavyoonekana na yeyote anayetaka kupanda. Kuonya ni sehemu ya kiasi.

Nje ya geti

Kutembea na kitu ni tofauti na kukishika nyumbani. Kisu cha mama lishe njiani kwenda gengeni, spana ya bodaboda na sime ya mchungaji vina sababu zake. Kisu hichohicho mkobani saa tano usiku, na maelezo pekee ni "wakinichokoza nitawaonyesha", kinaweza kukuingiza matatani. Sheria za nchi zote mbili zinakataza kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna inayotia watu hofu. Kenya ina pia kifungu cha 308: anayekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa hufungwa kati ya miaka 7 na 15.

Ndugu walioko Uingereza wawe waangalifu mara mbili, kwa sababu mazoea ya nyumbani yatawaangusha. Huko, kwa Sheria ya Kuzuia Uhalifu ya 1953, kitu chochote, hata kopo la dawa ya nywele, kikibebwa hadharani kwa nia ya kumdhuru mtu ni silaha ya mashambulizi, na kusema ulikibeba kwa kujitetea tu, bila tishio mahususi lililo karibu, hakukuokoi. Dawa ya pilipili ya kupuliza, inayouzwa wazi katika nchi nyingine, huko imewekwa kundi moja na silaha za moto zilizopigwa marufuku kwa kifungu cha 5 cha Sheria ya Silaha za Moto ya 1968, kwa maneno "iliyobuniwa au kurekebishwa" ili kurusha kimiminika au gesi yenye madhara. Maneno hayo yalipimwa katika kesi ya Formosa, ambapo chupa ya sabuni ya vyombo ilikuwa imejazwa tindikali ya haidrokloriki. Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kujaza tu chupa isiyobadilishwa si kuirekebisha kwa maana ya kifungu hicho. Pengo hilo la kubeba kemikali limezibwa tangu wakati huo: kwa Sheria ya Silaha za Mashambulizi ya 2019, kubeba kemikali inayounguza hadharani bila sababu njema ni kosa lenyewe. Ndani ya nyumba, kinyume chake, sheria ya huko ni pana: aliyevamiwa nyumbani kwake hulindwa hata akizidisha kidogo, mradi nguvu haikupita mipaka kupindukia na mahakama ione ilikuwa ya maana katika hali aliyoamini ipo.

Pale mvamizi anapolala kitanda kimoja nawe

Vitu vya jikoni hutumika mara nyingi si dhidi ya mwizi bali dhidi ya mume, mpenzi au ndugu anayepiga. Haki ni ileile; ndoa haiondoi chochote katika kifungu cha 18A wala cha 17. Anayekukaba shingo unaweza kumpiga kwa sufuria iliyo mkononi. Ugumu unakuja pale kipigo kilipokwisha, yeye amelala, na mtu aliyeteswa miaka anaona kwamba huo ndio wakati pekee anaoweza kushinda. Mahakama huuliza hatari ya dakika ile, na kwa aliyelala jibu huwa gumu. Kilichopo hapo ni hoja ya kughadhibishwa, inayoweza kupunguza kosa la mauaji kuwa la kuua bila kukusudia, nayo pia hudai kwamba hasira haikupata muda wa kupoa. Ndiyo maana rekodi za mapema zina thamani kubwa: dawati la jinsia na watoto la polisi Tanzania, namba ya simu 1195 ya kuripoti ukatili wa kijinsia Kenya, na amri ya ulinzi chini ya sheria ya Kenya ya 2015 dhidi ya ukatili wa nyumbani. Ripoti tatu za nyuma zinaieleza hofu ya usiku ule kuliko maneno yoyote ya baadaye.

Baada ya tukio

Anayevuja damu apelekwe hospitali kwanza, awe nani. Kisha wahi kituoni wewe mwenyewe, kabla ya mwenzako. Aliyetangulia ndiye huandikwa mlalamikaji, na aliyechelewa hujikuta akijibu. Chukua namba ya taarifa yako kituoni, RB Tanzania au OB Kenya, iandike mahali pawili. Omba PF3 au P3 yako hata kama una michubuko tu, kwa sababu alama za vidole shingoni hufifia ndani ya siku chache na zikifutika huna ushahidi wa kukabwa. Usioshe sakafu, usirudishe mchi mahali pake, usitupe chupa. Piga picha za komeo lililovunjwa na mahali kila kitu kilipoanguka. Ukikamatwa una haki ya kunyamaza na kumwita wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 kwa kanuni ya jumla. Ukiamua kutoa maelezo, eleza mfuatano: ulisikia nini, uliona nini, aliyekuvamia alishika nini, ulisimama wapi, uliacha lini na kwa nini. Neno "nilimkomesha" likiingia kwenye karatasi litasomwa mahakamani kama kisasi, hata kama ulimaanisha "nilimzuia". Omba usomewe kila ukurasa, na usiweke saini au dole gumba kwenye ukurasa ambao hujasomewa.